Kiraka cha Neno Moja

Migwani,
6 Oktoba 2025

Mjukuu wangu Nthenya,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaposahihisha maandishi ya wengine ni kudhani kwamba neno lililokosewa ni lile linaloonekana limekosewa. Wanaona herufi zimepinduka, wanalirukia neno kama kuku aliyeona kumbikumbi, halafu wanalipita kosa lenyewe likiwa limekaa kimya kando, limeandikwa vizuri na kuvaa nguo za Jumapili. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu ndilo uliloniuliza kwa simu, na kwa simu sikuweza kukujibu. Masikio yangu unayajua. Nilisikia "Susu, nisaidie," nikasikia lori, kisha simu ikakatika. Bora tuandikiane kwa barua pepe hii uliyoniwekea, yenye herufi kubwa kama za ubaoni.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Umelalaje? Huko Sultan Hamud joto likoje? Sisi hapa hatujambo. Magoti yangu yananiambia mvua iko karibu, ila yalisema hivyo mwaka jana pia. Mbaazi zimebeba vizuri. Mama yako Kavata alinipitia Alhamisi akaniachia sukari na maneno mengi juu yako, na kwa maneno hayo nimeunganisha yale ambayo simu ilikula.

Nimeelewa hivi, nawe unirekebishe. Ndani ya kompyuta kuna programu inayoitwa kernel. Programu hiyo ina nyaraka za maelezo, na nyaraka hizo ziko wazi, mtu yeyote duniani anaruhusiwa kupendekeza sahihisho. Wewe umeanza kusahihisha tahajia humo. Mwisho wa Novemba yanafungwa maombi ya nafasi za mafunzo kwa wageni wa kazi hiyo, yenye posho na mwalimu wa kukushika mkono, na wanaochaguliwa ni wale ambao kazi yao imeshapokelewa na wasimamizi. Unaitaka nafasi hiyo kuliko kitu kingine chochote mwaka huu. Nimepata?

Basi, shika hili la kwanza. Kuna makosa ya aina mbili. Mtoto akiandika "kalmau", kila mtu anaona. Lakini akiandika "Tumealikwa kwenye kalamu ya harusi", hakuna herufi iliyopinduka. Kalamu ni neno safi. Ni kwamba tu hakuna atakayeshiba. Karamu na kalamu ni ndugu wa sura moja, na aliyekuja si yule aliyealikwa. Mashine haitakuonyesha kosa hilo. Ni lazima usome sentensi mpaka mwisho, uelewe inasema nini, ndipo ushike kalamu.

Nilifungua kamusi nitafute "kernel". Inasema ni punje, kama ya mahindi, au kokwa ndani ya tunda. Nieleze punje imefikaje ndani ya kompyuta.

Mimi Susu wako.


Sultan Hamud,
11 Oktoba 2025

Kwa Susu wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yanaendelea vizuri na mbaazi hazijaliwa na ndege. Mimi ni mzima kabisa. Stima hupotea jioni lakini mchana tunafanya kazi.

Umepata yote, Susu, hata posho. Mama hawezi kuficha kitu.

Punje ilifikaje? Ni kwa sababu iko katikati na vingine vimeizunguka. Ukiwasha simu yako, kabla hujaona picha yoyote, kernel huwa imeshaamka. Ndiyo inayogawa kumbukumbu ya mashine, ndiyo inayosikiliza kidole chako kwenye kioo, ndiyo inayoipa kila programu zamu yake ili zisipigane. Ni kiranja wa darasa. Mwalimu hayupo lakini kelele hazipo pia. Nyaraka zake ni nyingi kuliko vitabu vya maktaba yenu ya shule, na wanaoziandika ni mafundi wa kila nchi. Wengi Kiingereza si chao, kama sisi. Wanajua sana mashine, ila wanaandika haraka.

Na jinsi ya kutuma sahihisho utaipenda, kwa sababu ni barua. Kweli! Hakuna kubonyeza kitufe. Unaandika barua pepe ya maandishi matupu: kichwa cha habari, kisha unaeleza kosa ni nini na kwa nini unalibadilisha, kisha mistari ya zamani na mipya, na chini unatia jina lako kamili kwamba kazi ni yako na unaisimamia. Bila jina haipokelewi. Inakwenda kwa msimamizi na kwa orodha ya watu wengi wanaosoma. Inaitwa kiraka.

Susu, viraka vyangu vimepokelewa! Si kimoja, ni kadhaa. Jina lako liko ndani ya kernel sasa. Nasema lako kwa sababu lilikuwa lako kabla ya kuwa langu.

Nafanyia kazi hii dukani wateja wakipungua. Asubuhi nakusanya simu zilizovunjika, mchana natengeneza, na katikati nasoma. Jirani yangu ni Mathenge, mtu wa Nyeri, anauza chaja na vioo vya simu. Amenipa mahari pazuri pa kuweka meza yangu, karibu na mlango, nipate mwanga. Juzi aliniuliza, "Unatafuta nini humo kutwa nzima?"

"Makosa ya spelling."

"Ya Kiingereza?"

"Eeh."

"Wewe Mkamba? Na ile R yenu mliipoteza wapi?"

Nikamwonyesha kibao chake mwenyewe, kilichoandikwa TUNAUZA NA KUPEREKA. Nikamwambia, "R zetu ziko kwako, Mathenge. Zirudishe, nami nikurudishie L zenu." Alicheka mpaka akakaa juu ya katoni ya mteja.

Nina programu inayonionyesha maneno yaliyokosewa, kwa hiyo naenda haraka. Lakini kiraka nilichotuma jana sikuonyeshwa na programu. Nililiona kosa mwenyewe, kama ulivyofundisha. Ni waraka unaoeleza makosa ya kumbukumbu ya mashine. Sentensi moja ina "corrected", yaani kusahihishwa, mara mbili, na nikajua kabisa kwamba mojawapo ilitakiwa kuwa "collected", kukusanywa. Nikaibadilisha. Msimamizi amekipokea leo asubuhi. Neno lililovaa nguo za Jumapili, Susu, nimelikamata!

Mjukuu wako,
Nthenya


Migwani,
13 Oktoba 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Habari za huko? Hapa kumetanda mawingu, na Mungu akipenda tutapanda ndengu wiki ijayo.

Barua yako nimeisoma, nikaenda kumwagilia sukuma wiki, nikarudi kuisoma tena. Hongera sana. Kiranja wa darasa nimemwelewa, na kazi inayofanywa kwa barua yenye jina chini ni kazi ya watu wazima. Msalimie Mathenge. Mwambie hilo jibu la R na L nimelipeleka kwa akina mama wa kanisa nao wamelishangilia.

Ila nimeshtuka kidogo kusoma kwamba amekupa mahari pazuri. Kwa desturi mahari huletwa hapa Migwani, na huwa na kwato. Kama amekupa mahali pa kuweka meza, nashukuru. Kama amekupa mahari, mwambie aje na wazee wake nimchemshie chai. Hiyo R umeambukizwa na jirani.

Nacheka, lakini nataka uone jambo. Sisi katika Kikamba R hatunayo. Tunaisoma, tunaiandika, ila sikio letu linaiweka kwenye chungu kimoja na L. Kimeu, karani wetu wa kanisa, ni mtu msomi na mpole. Mwaka huu tulipata wageni, akasimama kuwatangazia kwa Kiingereza. Alitaka kusema "collection", yaani sadaka, itapokelewa mlangoni. Akasema "correction" itapokelewa mlangoni, na kila mtu ajiandae kutoa kwa moyo wa furaha. Mgeni mmoja alimwinamia mkewe akamuuliza, "Tumefanya kosa gani?"

Kimeu alijua alichotaka kusema. Ulimi ndio uliomponyoka. Sasa nikuulize wewe, kwa upole. Sentensi yako ilikuwa na "corrected" mara mbili. Ulibadilisha la kwanza au la pili? Na uliamuaje? Naomba uninakilie sentensi nzima, jinsi ilivyokuwa na jinsi ulivyoiacha. Sina shaka na wewe. Nina shaka na hayo maneno mawili, nimefundisha nayo muda mrefu.

Susu wako.


Migwani,
3 Novemba 2025

Nthenya wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Mvua imenyesha, ndengu zimechungulia.

Sijapata jibu la barua yangu. Nilidhani ni stima, nikadhani ni wateja, kisha Kavata akanipitia jana. Anasema umefunga kompyuta yako ndani ya begi, na ukiulizwa habari za kernel unauliza chakula kiko tayari.

Sitakuuliza kumetokea nini, maana nadhani najua. Nataka tu ile sentensi. Ninakilie jinsi ilivyo. Huna haja ya kuniandikia kitu kingine.

Susu.


Sultan Hamud,
9 Novemba 2025

Susu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nafurahi kusikia ndengu zimeota. Mimi ni mzima wa mwili.

Sentensi ilikuwa inasema hivi: "Small errors are corrected by the memory itself, and the counts are corrected by the driver." Driver hapa ni programu ndogo inayosimamia kifaa kwa niaba ya kernel. Mimi nilibadilisha la kwanza. Nilifikiria kama ninavyofanya dukani: kwanza unakusanya, halafu unatengeneza. Asubuhi simu, mchana kazi. Nikaona hata mashine lazima ikusanye makosa yake kwanza, ndipo programu iyasahihishe. Nilisoma kwa sauti mara kadhaa, Susu, na kila mara ilisikika sawa. Bila shaka ilisikika sawa. Kwangu mimi hayo maneno yote mawili ni mlio mmoja.

Kiraka kilipokelewa kwa sababu msimamizi ana kazi nyingi na aliona ni tahajia tu. Baadaye fundi aliyeiandika programu yenyewe akasoma. Alijibu mbele ya orodha nzima kwamba kwa neno moja nimeigeuza maana: kumbukumbu hiyo hurekebisha makosa madogo yenyewe, papo hapo, ndiyo sababu watu wanainunua kwa bei ghali, na sasa waraka unasema inayakusanya tu. Mtu akiusoma atang'oa kumbukumbu nzima akidhani imeharibika. Msimamizi akaomba radhi, akakiondoa kiraka changu na kurudisha maneno ya mwanzo. Kwangu aliandika mistari miwili, kwa adabu: nisitume sahihisho la sentensi nisiyoielewa. Hapo ningevumilia. Lakini mtu mwingine, ambaye hata hakuhusika, akaongeza kwamba wasiojua Kiingereza waache nyaraka za wenyewe.

Barua za orodha hiyo hazifutwi. Zitakaa pale na jina langu kila mtu akitafuta. Na wanaochagua watu wa mafunzo watatafuta.

Mathenge aliniuliza kwa nini sisomi siku hizi. Nikamwambia. Sikutaka, lakini alikuwa ameniletea chai. Hakucheka. Alisema, "Hao wangesikia mimi nikiongea wangefunga mashine zote." Kisha akaenda kwake na kuchukua rangi, akafuta R kwenye kibao. Sasa kinasema KUPELEKA. Nusura nilie.

Nimefikiria hivi. Nitafungua anwani mpya na kuanza upya kwa jina lingine. Ubatizo wangu ni Sandra, na hilo halijawahi kutumika mahali popote ila kwenye cheti. Sandra anaweza kutuma viraka vidogo vya herufi, aombe mafunzo, na hakuna atakayemuunganisha na yule wa "collected". Lina R katikati, najua, lakini sitahitajika kuitamka. Sheria ya kernel haivunjwi, ni jina langu halisi.

Nilitaka kukuambia wewe kwanza, kwa sababu jina ninaloliacha ni lako.

Nthenya


Migwani,
10 Novemba 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba, na asante kwa sentensi. Nimelala salama, nimeamka nimekunywa uji, kwa hiyo soma ukijua nimetulia, maana nina mengi ya kukueleza.

Tuanze na sentensi, kwa kuwa wewe na mimi ni watu wa kazi. Usiisome kwa sauti. Sauti ndiyo iliyokuponza. Itafsiri. Iandike kwa Kiswahili kwenye karatasi, hivi: "Makosa madogo husahihishwa na kumbukumbu yenyewe, na hesabu zake husahihishwa na programu." Kwa Kiingereza "correct" na "collect" ni mapacha mbele ya sikio letu. Kwa Kiswahili "sahihisha" na "kusanya" hawajawahi hata kukutana. Kila ukitilia shaka neno la namna hiyo, livushe upande wa pili uone linasimama wapi. Na kinyume chake pia ni kweli. Ukitaka kujua kama mtu anasema atakupa kura au anataka kula, livushe kwenye Kikamba na utampata.

Sasa itazame sentensi ikiwa imevuka. Kumbukumbu husahihisha makosa madogo. Sawa, fundi amesema hivyo hivyo. Programu husahihisha hesabu zake. Hesabu za nini? Za makosa yaliyosahihishwa. Kwani hesabu nazo zimekosewa? Hakuna aliyesema zimekosewa. Programu inapitia hesabu hizo na kuzikusanya, mtu apate kuziona. Kwa hiyo neno la pili ndilo lililotakiwa kuwa "collected".

Umeona ulichokifanya, Nthenya? Uliingia katika waraka ambao mafundi wa dunia nzima wameupita, ukasimama penye sentensi moja, ukasema: hapa kuna kosa, na kosa lenyewe ni "corrected" kukaa penye kiti cha "collected". Hukukosea. Kosa lilikuwepo. Ulichokosea ni kiti. Na walipokiondoa kiraka chako walirudisha maneno yote mawili kama yalivyokuwa, kwa hiyo kosa la zamani nalo limerudi, na leo liko pale pale. Msimamizi halijui. Yule fundi halijui, kwa sababu alikuwa anatetea neno la kwanza na hakuangalia la pili. Yule aliyekutukana halijui, na hilo ndilo linalonifurahisha, Mungu anisamehe. Tunalijua wawili tu, mmoja Migwani na mmoja Sultan Hamud, na wote wanaitwa Nthenya.

Nikifika kwenye jina, sitakukataza. Sandra ni jina zuri, nilikuwepo ulipobatizwa. Nitakusimulia tu. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulikuwa na mhadhiri mmoja aliyeniita Tenya. Wenzangu walinishauri nimwachie tu, au nitumie Ruth. Kila aliponiita nilisimama, nikasema, "Nthenya, bwana. N, T, H." Sikukasirika hata siku moja. Nilimtajia herufi kama ninavyomtajia mtoto. Siku ya kutugawia vyeti alisimama mbele ya wazazi, akavuta pumzi, akasema "Nthenya" vizuri kabisa, kisha akanitafuta kwa macho kama mwanafunzi anayengoja alama. Nikampa alama zote. Jina nililokupa limezoea kutajwa vibaya halafu vizuri. Halivunjiki.

Na hizo barua zisizofutwa, mimi naona zinakufaa. Watakaokuchagua watatafuta jina lako na watalikuta kosa. Wakiendelea kusoma chini yake, watakuta nini? Hicho ndicho bado kiko mikononi mwako. Wakikuta kimya, basi ni kimya. Wakikuta umerudi, umeeleza ulipokosea, na umelipata kosa ambalo wao wote hawakuliona, watakuwa wamekujua vizuri kuliko wanavyomjua mtu aliyetuma herufi mia moja zilizopinduka.

Waraka wenyewe unasema kuna makosa yanayosahihishwa papo hapo na kuna hesabu zinazokusanywa baadaye. Lako usilikusanye.

Niandikie rasimu ya kiraka kipya. Neno moja tu, usiguse jingine hata kama linakukonyeza. Uwe mfupi wa maneno, usijidhalilishe, usimtaje yule mpita njia. Iandike kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Nitumie ya Kiswahili, nami nitajua kama umeielewa.

Na umwambie Mathenge kibao chake kipya nimekisikia. Nilikuwa nimezoea kile cha zamani, lakini hiki nacho ni kizuri.

Susu wako,
Nthenya


Sultan Hamud,
16 Novemba 2025

Susu wangu,

Shikamoo. Habari za Migwani? Mama anasema ndengu zako zimefika kwenye vifundo vya miguu. Mimi nimeanza kula vizuri tena, anaweza kukuambia pia.

Niliitoa kompyuta kwenye begi siku ile ile nilipopata barua yako, lakini sikuandika kiraka. Kwanza nilienda kusoma waraka wote, mwanzo mpaka mwisho, na baada ya hapo nikaisoma programu yenyewe, msimbo wake, nione inafanya nini na hizo hesabu. Ilinichukua wiki kwa sababu ya wateja. Mathenge alinishikia duka mara mbili. Mteja mmoja akamuuliza, "Fundi yuko wapi?" Nikamsikia akijibu, "Fundi anasoma. Ngoja kama unavyongoja daktari."

Susu, uko sahihi. Ndani ya programu kuna sehemu inayoamka kila baada ya muda, inapita kwenye kila kipande cha kumbukumbu, inasoma hesabu na kuijumlisha. Haisahihishi chochote. Hata jina la sehemu hiyo lina neno la kukusanya ndani yake. Ningelisoma mwanzoni, nisingepoteza mwezi.

Nimeivusha sentensi kama ulivyoniagiza, na rasimu ni hii:

"Waraka wa makosa ya kumbukumbu: rekebisha neno la pili katika sentensi ya hesabu.

Sentensi hii inasema kwamba hesabu za makosa husahihishwa na programu. Programu haisahihishi hesabu. Huzikusanya kila baada ya muda kutoka kwenye kila kipande cha kumbukumbu, kama msimbo wake unavyoonyesha. Neno la pili libadilishwe liwe 'collected'. Neno la kwanza ni sahihi, libaki.

Katika kiraka changu cha awali nililiona kosa hili lakini nikabadilisha neno la kwanza badala ya la pili. Kiraka hicho kiliondolewa kwa haki. Hiki kinarekebisha kosa lililobaki. Namshukuru aliyeandika programu kwa maelezo yake kuhusu kumbukumbu."

Basi. Kwa Kiingereza ni fupi zaidi. Mathenge nilimsomea, akasema, "Hiyo 'kiliondolewa kwa haki' ingekuwa mimi ningeitoa." Nikamwambia ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, mwalimu."

Maombi ya mafunzo yanafungwa mwisho wa mwezi, na msimamizi anahitaji siku kadhaa kusoma. Kwa hiyo nikikawia tena nimekosa. Kompyuta iko wazi hapa mezani, anwani zimejazwa. Jina bado. Mahali pa jina nimepaacha wazi. Nimeandika moja, nikafuta, nikaandika la pili, nikafuta. Nilitaka wewe uone rasimu kwanza.

Kama kuna kosa, niambie.

Mjukuu wako


Migwani,
17 Novemba 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tumeamka salama. Kimeu amenipigia hodi asubuhi kuniuliza tofauti ya maneno fulani mawili kabla ya ibada ya Jumapili, kwa hiyo dawa yako ya kuvusha imeanza kutumika na huku.

Rasimu nimeisoma mara ya kwanza kama bibi, nikafurahi, na mara ya pili kama mwalimu, nikiwa na kalamu nyekundu. Hiyo "kwa haki" iache hapo hapo. Umeandika "mahali pa jina", na umeandika "mahali" kama inavyostahili. Kazi ya kusoma msimbo sikukuagiza. Umejiagiza mwenyewe, na ndiyo iliyoifanya rasimu isimame bila mimi.

Kosa nimeona moja tu, nalo liko chini kabisa, pale palipo wazi. Hata barua yangu hukuitia jina. Uliniuliza mwenyewe kama kuna kosa. Hilo ndilo.

Jina letu maana yake ni aliyezaliwa mchana. Sasa hivi ni saa nne asubuhi, na jua limetoka.

Leo, kabla hujafungua simu ya mteja yeyote, andika Nthenya mahali hapo, kisha utume kiraka.

Susu wako,
Nthenya